Gundi ya meno na jino lililooza: safari ya miaka sabini

Nilipoanza utafiti wa shahada ya uzamili, kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kuchambua meno. Yalikuwa kwenye chupa, yameng'olewa kwa sababu mbalimbali, na wenyewe walikuwa wameridhia yatumike maabara. Maagizo yalikuwa mafupi tu: chukua mazima, yenye matundu weka pembeni. Nikachambua siku nzima. Jioni ndipo likanijia swali ambalo hadi leo halijaniacha: sisi tunapima gundi ya kuzibia meno, sasa ni nani huyo anayekwenda kuzibwa jino zima?

Swali linaweza kukuchekesha, lakini ukilifuatilia utakuta historia nzima ya gundi hizi imejificha ndani yake. Kwa miaka mingi gundi ilitengenezwa kwa kupimwa kwenye jino zima, halafu ikatumika kwenye jino bovu. Twende pole pole.

Kuziba bila gundi

Tuanze Marekani. Mwaka 1908 Greene Vardiman Black, aliyekuwa akifundisha udaktari wa meno Chicago, alichapisha kitabu kikubwa kuhusu kuziba meno, na mafundisho yake yakatawala vyuo kwa miongo mingi. Kizibio kikuu wakati ule kilikuwa amalgamu, yaani mchanganyiko wa zebaki na metali nyingine kama fedha na bati. Amalgamu ni imara sana, ila haigandi kwenye jino. Kwa hiyo daktari alilazimika kuchimba tundu lenye umbo la mtungi, mdomo mwembamba na tumbo pana kidogo, ili kizibio kisichomoke. Zaidi ya hapo, Black alifundisha kupanua tundu hadi sehemu ambazo bado hazijaoza, ili uozo usije ukaanza tena pembeni.

Umeona gharama yake? Sehemu nzima ya jino ilichimbwa kwa sababu mbili tu: kizibio hakishiki, na daktari anahofia kesho. Na jino likishachimbwa haliotí tena. Kizibio cha pili huwa kikubwa kuliko cha kwanza, cha tatu kikubwa zaidi, na mwisho wa safari mara nyingi ni koleo. Hiyo ndiyo maana ya kutafuta gundi: kila kinachoshika vizuri kinakubakizia jino lako.

Asidi kinywani

Mwaka 1955 Michael Buonocore, mtafiti wa Rochester, New York, alichapisha wazo lililoonekana la ajabu. Alijua kwamba viwandani asidi ya fosforiki hutumika kuandaa metali ili rangi ishike. Akajiuliza, kwa nini isiwe hivyo kwa jino? Akapaka asidi hiyo, yenye ukali wa asilimia 85, kwenye enameli kwa sekunde 30, akaosha, kisha akaweka plastiki ya akriliki. Ikashika muda mrefu zaidi kuliko kwenye jino lisilopakwa.

Siri yake fundi yeyote wa ujenzi anaijua. Ukuta wa zege uliolainika haushiki plasta mpaka uuchonge-chonge kwanza. Asidi inachonga enameli vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho, plastiki ya majimaji inaingia humo na kugandia humo. Miaka saba baadaye, 1962, Rafael Bowen wa Marekani alipata hataza ya resini mpya iliyochanganywa na unga wa silika. Hapo ndipo vilipotokea vizibio vyeupe tunavyoviona leo.

Basi mambo yakawa mazuri, lakini kwenye enameli tu. Enameli ni kama asilimia 96 madini, kavu na ngumu. Chini yake kuna dentini, na huko ndiko uozo unakopanuka. Dentini kwa uzito ni takriban asilimia 70 madini; inayobaki ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni, pamoja na maji. Imejaa vijibomba vyembamba vinavyoelekea kwenye kiini cha jino, kule kwenye mishipa. Kubandika kitu kisichopenda maji juu ya kitu kilicholowa ni shida, wewe mwenyewe unajua.

Fito na udongo

Jibu lilitoka Japani. Takao Fusayama wa Tokyo alifanya mambo mawili ambayo mara nyingi husimuliwa kando kando, ingawa kwangu ni jambo moja. La kwanza: mwaka 1972, yeye na mwenzake walitumia rangi kuonyesha kwamba dentini iliyooza ina matabaka mawili. La nje limejaa bakteria na kolajeni yake imeharibika kabisa, hilo halirudi. La ndani limepoteza madini na kulainika, lakini nyuzi zake bado zina umbo lake, na linaweza kupata madini tena. Kwa maneno mengine, kuna sehemu iliyokufa na kuna sehemu inayougua. La pili: mwaka 1979 alitangaza njia ya kupaka asidi kwenye enameli na dentini kwa pamoja, wakati wengi Ulaya na Marekani waliogopa kwamba asidi kwenye dentini itaua kiini cha jino.

Mwaka 1982 Nobuo Nakabayashi na wenzake, pia wa Tokyo, walionyesha kinachotokea hapo. Fikiria nyumba ya fito na udongo. Kolajeni ndiyo fito, madini ndiyo udongo. Asidi inaosha udongo wa juu, fito zinabaki wazi. Resini inapenya katikati ya fito na kuchukua nafasi ya udongo, kisha inagandia pale. Kunakuwa na tabaka jipya, nusu jino nusu plastiki, lenye unene wa mikromita chache tu. Wataalamu huliita tabaka mseto, na gundi nyingi za leo zinalitegemea.

Jino bovu lafika maabara

Sasa turudi kwenye ile chupa yangu. Kwa nini watafiti hawakupima meno mabovu mapema? Sababu kubwa ni ya kawaida mno: vipimo vya zamani vilihitaji eneo pana na bapa. Uozo hauji hivyo. Unakuja kama doa dogo, huku laini, kule gumu. Mwaka 1994 Hidehiko Sano na wenzake walileta njia ya kuvuta vipande vidogo sana, vyenye upana wa takriban milimita moja ya mraba. Mwaka uliofuata Masatoshi Nakajima na wenzake wakaitumia kwenye lile tabaka la ndani linalougua.

Gundi mbili kati ya tatu walizopima zilishika vizuri zaidi kwenye dentini nzima kuliko kwenye dentini iliyougua. Tafiti nyingi zilizofuata zimekwenda upande huohuo. Ukirudi kwenye nyumba yetu utaelewa: hapa mvua imeshapiga kabla fundi hajafika. Udongo umeoshwa kwa kina, fito zimelowa, na vijibomba vimezibwa na chembe za madini. Asidi inaingia ndani kuliko inavyotakiwa, resini haifiki mwisho, na chini hubaki fito tupu zisizofunikwa na chochote.

Fito tupu huliwa na mchwa. Na mchwa wenyewe, kumbe, walikuwa ndani siku zote! Mwaka 2004 David Pashley na wenzake waliweka dentini iliyooshwa madini kwenye mate bandia yasiyo na bakteria hata mmoja. Baada ya siku 250 kolajeni ilikuwa imeharibika vibaya. Walipoweka dawa za kuzuia vimeng'enya, ikasalimika. Jino lina vimeng'enya vyake lenyewe, vimelala ndani ya madini tangu lilipoota, na asidi ya uozo au ya daktari huviamsha. Ndiyo maana watafiti wakaanza kujaribu klorheksidini, dawa ileile ya kusukutulia, ipakwe kabla ya gundi ili kuvituliza. Wengine wanatumia gundi zenye molekuli ya MDP, iliyobuniwa Japani, inayoshikana moja kwa moja na kalsiamu ya jino bila kuosha udongo wote.

Njia iliyopitia Tanzania

Wakati maabara zikihangaika na mikromita, katikati ya miaka ya 1980 Jo Frencken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa na tatizo jingine: utazibaje jino mahali pasipo na umeme? Wakaacha mashine. Walikwangua uozo laini kwa vifaa vya mkono, wakaziba kwa saruji inayojishikiza yenyewe. Njia hiyo baadaye iliegemea saruji ya glasi ionoma, iliyotangazwa London mwaka 1972 na Alan Wilson na Brian Kent, ambayo hushikana na kalsiamu na kutoa floraidi. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hii kwa dunia nzima.

Ukiivuta saruji ile maabara, resini itaishinda kwa nguvu. Lakini haidai jino kavu kabisa wala lisilo na doa, na kwenye matundu madogo ya upande mmoja imedumu vizuri.

Hapo ndipo pande mbili zinapokutana. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya miaka kumi ya vizibio vilivyowekwa juu ya uozo ulioachwa makusudi, huku kingo zikiwa zimebana kwenye enameli nzima. Uozo ulisimama. Bakteria waliofungiwa bila chakula hawakuwa na la kufanya. Leo, kwenye tundu lenye kina kirefu, wataalamu wengi hushauri kusafisha kingo hadi pagumu na kuacha kidogo kilicho laini karibu na kiini, badala ya kuchimba mpaka mishipa.

Kwa hiyo siku daktari akikuambia ameacha kidogo chini ya kizibio, usidhani ametegea kazi. Na ukimsikia mtafiti akijisifu kwamba gundi yake inashika kuliko zote, muulize swali langu la jioni ile: uliipima kwenye jino la namna gani?

Mimi yale meno yenye matundu niliyoyaweka pembeni nilirudi kuyaomba. Ndiyo ninayoyafanyia kazi sasa.