Saksafoni ya Newport iliyosubiri miaka 43

Bendi ya Duke Ellington ilipopanda jukwaani Newport, Rhode Island, tarehe 7 Julai 1956, bendi kubwa nyingi za jazz Marekani zilikwisha kuvunjika, na wapo walioamini kuwa zama za Ellington nazo zimepita. Usiku ukiwa umekwenda sana, akaiongoza bendi katika "Diminuendo and Crescendo in Blue", utunzi wake wa mwaka 1937. Katikati akasimama Paul Gonsalves na saksafoni yake, akapuliza mizunguko 27 ya blues bila kupumzika. Watu waliinuka vitini wakacheza. Mwezi uliofuata, jarida la Time lilimweka Ellington kwenye jalada.

Santuri ya onyesho hilo, iliyotolewa na kampuni ya Columbia mwaka huohuo, iliuzwa kuliko nyingine zote za Ellington, lakini haikuwa na usiku ule mzima. Gonsalves alikuwa ameelekeza saksafoni kwenye maikrofoni ya redio ya Sauti ya Amerika, iliyokuwa nayo ikirekodi, si ya Columbia, hivyo katika santuri anasikika kwa mbali. Tena mtayarishaji George Avakian na Ellington waliiingiza bendi studio baada ya onyesho, wakarekodi upya baadhi ya vipande, kisha makofi yakapachikwa juu yake.

Baadaye kanda za Sauti ya Amerika zilipatikana katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Phil Schaap, bingwa wa historia ya jazz, alizioanisha na zile za Columbia, moja upande wa kushoto na nyingine wa kulia. Mwaka 1999 likatoka toleo kamili la CD mbili, na hatimaye Gonsalves akasikika waziwazi. Yeye na Ellington hawakuwahi kulisikia; wote wawili walifariki Mei 1974.

Kwa hiyo anayechagua matoleo mapya ya jazz ya zamani asiridhike na jina la bendi na picha ya jalada. Asome maelezo ya ndani: sauti imetolewa kwenye kanda ipi, nani ameisafisha, na kipi kimeongezwa au kukatwa. Usafishaji nao una kiasi chake, kwani anayefuta kila mkwaruzo hufuta pia mlio wa matoazi. Kwa Newport, chukua toleo la 1999. Hilo ndilo linalompa Gonsalves haki yake.