Mizani Ndani ya Tangi la Kioo

Samaki akifungwa katika chombo cha maji matupu haishi siku nyingi, ila maji yabadilishwe kila mara. Watu waliliona jambo hilo tangu zamani, lakini sababu yake ilifichika. Mwaka 1771 Mwingereza Joseph Priestley aligundua kuwa mnanaa huifanya njema tena hewa iliyoharibiwa na mshumaa ndani ya chombo kilichofunikwa. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz akaonyesha kuwa mmea hauwezi kazi hiyo pasipo mwanga.

Ikabaki kulijaribu jambo hilo majini. Mwaka 1849 Robert Warington, mkemia wa chama cha watengeneza dawa mjini London, alichukua chombo cha kioo cha galoni 12, akakitia maji nusu, akatandika mchanga na matope, akapanda mmea uitwao Vallisneria, kisha akatia samaki wawili wadogo wa dhahabu. Mambo yalikwenda vema mpaka majani makuukuu yalipooza. Maji yakachafuka, ukoga wa kijani ukatanda kiooni. Mwingine angaliyamwaga yote. Warington alitafuta mlaji wa uchafu ule, akatia konokono wa majini. Konokono wakala majani yaliyooza na ukoga, maji yakatakata, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Mwaka 1850 aliwasimulia wakemia wenzake habari hiyo. Mwaka 1853 nyumba ya samaki ilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya London, na matangi ya kioo yakaenea majumbani.

Lakini tangi halijitunzi lenyewe milele. Mavi ya samaki na mabaki ya chakula huoza, na vijidudu visivyoonekana kwa macho huyageuza kuwa nitrati. Fosfati nayo huongezeka. Hivyo ni virutubisho vya mimea. Mimea ikiwa mingi na yenye afya, huvichukua. Ikiwa michache, na mwanga ukawa wa saa nyingi, ukoga huvitwaa. Tena mimea ikinyimwa virutubisho hudhoofika, na ukoga huota juu ya majani yake. Basi kuzidi ni hasara, na kupungua ni hasara. Mtunzaji mwenye busara hulisha kwa kiasi, hupunguza saa za taa, hubadilisha sehemu ya maji, na huondoa majani yaliyokufa.

Kanuni ya tangi ndiyo kanuni ya ziwa. Mbolea ya mashamba na maji machafu ya miji yaingiapo katika Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, hulisha ukoga na magugumaji. Hayo yakioza hula oksijeni, na samaki hukosa pumzi. Warington aliweza kuingiza mkono chomboni akaondoa jani bovu. Ziwa halina mkono wa namna hiyo isipokuwa mikono ya watu wote waishio kando yake.