Syokimau: Mahali Reli Mbili Zinapokutana Bila Kugusana

Masomo yetu ya historia huiacha Reli ya Uganda mahali pale pale: ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi Mei 1899, ikagusa ziwa pale Kisumu mwaka 1901, kisha tunageukia walowezi na mashamba yao. Mimi nilianza kuifikiria upya nikiwa na begi mgongoni, nikishuka kwenye treni moja ili nipande nyingine, pale Syokimau, nje kidogo ya Nairobi.

Jina lenyewe lina historia. Kwa masimulizi ya Wakamba, Syokimau alikuwa mwanamke mtabiri aliyeona nyoka mrefu wa chuma akipita nchini huku akitema moto, kabla wageni hawajafika. Nashuku masimulizi hayo yalinolewa baada ya reli kuwapo. Hata hivyo, sijui eneo jingine lenye jina linalofaa stesheni kuliko hilo.

Stesheni ya kwanza hapo ilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012. Ilijengwa kwa ajili ya watu wa vitongojini wanaofanya kazi mjini: unaacha gari katika maegesho asubuhi, unapanda treni, unapita Imara Daima na Makadara, na baada ya kama kilomita 16 uko katikati ya jiji bila kuonja foleni ya Barabara ya Mombasa. Ilisifiwa kuwa stesheni mpya ya kwanza tangu uhuru. Sifa hiyo ukiigeuza ni lawama. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, shirika la reli la pamoja nalo liligawanywa, na kila nchi ikabaki na kipande chake kikizeeka.

Mwaka 2017 ikaja SGR kutoka Mombasa, iliyojengwa na Wachina kwa mkopo wa China. Stesheni yake kuu haikuwekwa mjini bali huku huku Syokimau. Hapo ndipo tatizo la zamani lilipojitokeza. Waingereza walijenga reli yao kwa upana wa milimita 1,000, kama ilivyokuwa katika sehemu nyingi za India. SGR ina upana wa milimita 1,435. Tofauti ni milimita 435 tu, karibu dhiraa moja ya mtu mzima, lakini inatosha kuzuia behewa la huku lisipite kule. Kwa hiyo tawi la reli ya zamani likaletwa hadi pembeni mwa stesheni mpya, abiria wa Mombasa ashuke huku, apande kule. Mwaka 2020 Kenya ilinunua treni za dizeli 11 zilizokwisha kutumika katika kisiwa cha Mallorca, Uhispania. Kwa nini Mallorca? Reli za kule nazo zina upana wa mita moja. Hivyo vipimo vilivyochaguliwa karne ya 19 bado vinaamua treni gani inunuliwe leo.

Huduma zenyewe ni za kuridhisha. Tiketi inakatwa kwa simu na kulipiwa kwa M-Pesa. Kabla ya kuingia, mizigo inapangwa chini kwa mstari na mbwa wa polisi wanapita wakiinusa. Treni ya asubuhi inasimama vituo vya njiani, Emali, Mtito Andei, Voi na vinginevyo. Ile ya haraka inachukua kama saa tano. Treni ya kwenda mjini hupangwa ifuatane na ile ya Mombasa. Mimi niliikosa kwa uzembe wangu, nikipiga picha, nikaishia kubanwa kwenye matatu.

Kwa abiria, basi, kubadilisha treni si msiba, maana abiria ana miguu. Kontena halina. SGR iliendelezwa mwaka 2019 hadi upande wa Naivasha ikaishia hapo, na mzigo wa Uganda uliokuja nayo lazima uhamishiwe kwenye reli ya zamani au kwenye lori. Kila uhamisho una gharama yake, na anayelipa mwishoni ni mnunuzi wa Kampala. Oktoba 2024 serikali yetu ilitia saini mkataba na kampuni ya Uturuki, Yapı Merkezi, kujenga SGR ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Wengi walishangilia. Mimi nauliza: ikiwa yetu itakamilika kabla ya Kenya kuziba pengo kati ya Naivasha na Malaba, mzigo huo si utashushwa mara mbili badala ya moja? Tutakuwa tumejijengea Syokimau ya pili mpakani, safari hii bila abiria.

Babu yangu alikuwa kibarua wa reli Tororo, zama za reli ya pamoja. Anakumbuka mabehewa yaliyofungwa Mombasa yakipita mbele yake kuelekea Kampala bila kufunguliwa. Niliporudi nilimsimulia safari yangu, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo, mjukuu wangu, behewa la hiyo mpya halifiki hapa?"

Nikamwambia linaishia Naivasha. Kontena huinuliwa kwa kreni, likaja kwa njia nyingine.

"Njia ipi?"

"Ile yenu, babu."

Akacheka sana.