Megabaiti Mia Zisizogawiwa

Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitetea wazo lililozaa jina RAID: badala ya diski moja kubwa ya bei mbaya, ziunganishwe diski nyingi za bei nafuu, zikiwa na ziada ya kuziba pengo mojawapo ikifa. Linux ilipoubeba uwezo huo katika miaka ya 1990, kadi maalumu haikuwa lazima tena. Unafuu huo ulikuwa na sharti: diski mpya isipungue nafasi iliyokuwa ikitumika kwenye ile iliyokufa, hata kwa sekta moja. Nazo diski za viwanda viwili, zote zikiandikwa gigabaiti 500, hazikulazimika kulingana. Ndiyo maana mafundi wakazoea kutogawa diski hadi ukingoni, wakiacha megabaiti mia hivi.

Wapo wanaoona desturi hiyo imepitwa na wakati, na hoja yao ina uzito. Watengenezaji walikubaliana hesabu moja, hivyo diski ya kawaida ya terabaiti 1 ina sekta 1,953,525,168. Lakini makubaliano hayo hayakuzuia baadhi ya madabodi kuficha sekta 2,113 mwishoni mwa diski ili kuhifadhi nakala ya BIOS. Ni kama megabaiti 1 tu, na inatosha diski kukataliwa. (Pengo kati ya SSD ya gigabaiti 512 na ya 480 ni jingine; megabaiti mia hazilizibi.)

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi Masasi na Newala kuliko Kariakoo. Tangu stakabadhi ghalani ianze kwenye korosho za Mtwara msimu wa 2007/08, malipo ya mkulima hutegemea kumbukumbu ya kilo alizopeleka ghalani. Chama cha msingi cha Mkunya kikitunza kumbukumbu hizo kwenye diski mbili, moja ikafa katikati ya minnada, fundi atafunga diski yoyote atakayoipata Masasi, au asubiri basi la Dar es Salaam huku nakala iliyobaki ikiwa moja. Kununua diski ya akiba mapema ni ushauri mzuri kwa mwenye fedha mkononi kabla ya mavuno. Na anayesema nafasi inaweza kupunguzwa baadaye anasema kweli kwa mfumo wa ext4. XFS haikuundwa kwa kazi hiyo, na hata kwa ext4 upasuaji huo hufanyika juu ya diski pekee iliyo hai. Megabaiti mia ni sehemu moja kati ya elfu kumi za terabaiti.