Kaniki, Kanga na Postikadi: Kwa Wanaotayarisha Potifolio za Mitindo

Mwanafunzi wa upigaji picha za mitindo akiulizwa dhana ya potifolio yake, mara nyingi hutaja rangi, ufuo, gofu la jumba kongwe, au pozi aliloliona mtandaoni juzi. Hayo ni mapambo. Dhana ni hoja: nani anavaa nini, kwa ruhusa ya nani, na mtazamaji anaalikwa kumwona vipi. Kwa hoja hiyo, historia ya Unguja inafundisha kuliko majarida ya mitindo.

Katika karne ya 19 vazi la Unguja lilikuwa daftari la matabaka. Mtumwa alivaa kaniki, au merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilichopewa jina hilo kwa kuwa kililetwa na wafanyabiashara wa Kimarekani. Viatu na kufunika kichwa vilikuwa haki ya waungwana. Mpita njia alijua, bila kuuliza, nani ni mali ya nani. Mwaka 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa, lakini kwa sheria yenye mianya: aliyetaka uhuru alipaswa kwenda kuuomba, na masuria waliwekwa kando. Nguo zilikwenda kasi kuliko mahakama. Wanawake waliotoka utumwani waliiacha kaniki wakavaa kanga, kitambaa kipya kilichobadilika mitindo mara kwa mara, kisha wengi wakajitanda buibui, vazi ambalo awali lilikuwa la wake wa matajiri. Hawakungoja hakimu awatangaze kuwa watu kamili. Walijitangaza wenyewe barabarani.

Kamera ilikuwapo. Studio za mjini, maarufu ikiwa ile ya A. C. Gomes, mpiga picha mwenye asili ya Goa, ziliwapiga picha wanawake wenye kanga na kuziuza kama postikadi kwa wasafiri. Wengi wa wanawake hao hawakutajwa majina. Walitambulishwa kwa aina yao, kama vipepeo wa makumbusho. Vazi lililokuwa tamko la uhuru likawa kumbukumbu ya safari ya mtu mwingine. Hata hivyo, sikubali kwamba mwanamke yule alikuwa mhanga tu. Itazame mikono yake kiunoni, namna anavyoikabili lenzi: huenda na yeye alikuwa na hoja yake. Ubishani huo kati ya anayepiga na anayepigwa ndio utajiri wa picha zile.

Dola nayo imewahi kujitia mshonaji. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, uliopiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana kuanzia Januari 1, 1969. Katika miaka hiyo hiyo Wamaasai walishurutishwa kuacha mavazi yao na kuvaa suruali. Vazi moja lilikosa kwa kuwa la kigeni, jingine kwa kuwa la kienyeji mno. (Wenzetu maofisini wanaoandaa nyaraka za mavazi ya watumishi wangefaa kulikumbuka hilo.)

Sasa turudi kwa mwanafunzi. Akitaka kufanyia kazi historia hii, kishawishi cha kwanza kitakuwa kumvika mwanamitindo kaniki na kumwigiza mtumwa. Aache. Mateso yanayong'arishwa kwa taa za studio huwa biashara ile ile ya postikadi. Ningemshauri aipige kaniki peke yake, imeanikwa kwenye kamba, bila mwili ndani yake. Rangi yake nzito hunywa mwanga, hivyo atahitaji mwanga wa pembeni ili mikunjo ionekane. Kanga ivaliwe na mtu aliyeichagua mwenyewe, asimame apendavyo, na fremu isilikate jina lililoandikwa juu ya pindo la chini, kwa maana mvaaji huchagua jina kabla ya rangi. Kabla ya yote aende kwa bibi au shangazi, aombe kuona picha walizopiga studio wakiwa wasichana, aulize nani aliamua nguo na nani aliamua pozi. Majibu hayatalingana, na hapo dhana itaanza kujitokeza. Jina la aliyevaa, akiridhia, liandikwe chini ya picha kwa herufi zinazosomeka.