Sauti na Mahali Pake

Mwenye kununua spika za kuzunguka sebule yake aghalabu hutafuta kishindo, na husahau asili ya vyombo hivyo. Yasimuliwa kuwa mwaka 1931 Alan Blumlein, mhandisi wa Uingereza, alikereka ndani ya sinema: mwigizaji alivuka pazia, sauti yake ikabaki palepale. Mwaka huo akaomba hataza ya sauti ya njia mbili. Mwaka 1940, mjini New York, filamu ya Fantasia ilizungusha muziki ukumbini kwa mtambo wa Fantasound, lakini gharama iliuzuia kuenea. Leo jambo hilo lapatikana nyumbani. Basi mnunuzi na achague spika za ubavuni zenye mlio wa namna moja na za mbele. La sivyo, sauti ivukapo chumba hugeuka njiani, na kero ya Blumlein hurejea.