Mabano ya Wendland

Kazi yangu ni kusahihisha marejeo katika makala za mimea, na mstari ninaoupenda kuliko yote ni huu: Saintpaulia ionantha H.Wendl., Gartenflora 42: 321 (1893). Hapo ndipo lile ua dogo la zambarau la milima ya Usambara lilipopewa jina la kisayansi. Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya enzi za Wajerumani, alilipeleka kwao kwa baba yake, likamfikia Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover.

Waandishi vijana huifuta hiyo H. Herufi tu, wanasema. Lakini akina Wendland walikuwa watatu, babu, baba na mjukuu, wote wa bustani hizohizo, na wote waliipa mimea majina. Babu ni J.C.Wendl., baba H.L.Wendl. Babu alifariki mwaka 1828. Hilo ua hata hakulisikia.

Jarida, juzuu, nukta mbili, ukurasa, mwaka. Mstari huo ni mkavu kama risiti, ila msomaji wa Tanga na wa Berlin hufika ukurasa uleule. Linnaeus naye, mwaka 1753, alitaja vitabu vya waliomtangulia chini ya mimea yake kwa vifupisho vya kuumiza macho. Yeye leo anatosha kwa herufi moja, L.

Mwaka 2012 ua letu lilihamishiwa jenasi nyingine: Streptocarpus ionanthus (H.Wendl.) Christenh. Wendland hakufukuzwa, aliingizwa kwenye mabano, na aliyelihamisha ua akafuata nje yake. Wapo wanaoyaondoa ili sentensi ipendeze. Hao nawarudishia makala.